Neno Alilolimeza Bi Zubeida

Palma, kaskazini ya Msumbiji, mtu akitaka kufasiriwa Kireno hapelekwi kwa walimu. Walimu hufasiri kama wanaosahihisha mtihani. Anapelekwa kwa Bi Zubeida Aiuba, nyumba yenye mlango wa buluu uliobabuka rangi, na mwenyewe hataki kuambiwa kwamba umebabuka.

Kireno chake hakikutoka vitabuni. Shule aliishia darasa la sita, akaolewa Pemba ya huko huko Msumbiji na karani wa bandari, mwanamume aliyekuwa akigomba kwa Kireno na kuomba radhi kwa Kimwani, lugha ya pwani ile. Ndoa ile ilimwachia Kireno cha kugombea na akili ya kurudi kwao. Akarudi, akaingia nyumba ya marehemu mama yake, akaanza kushuka mwambani na wanawake wenzake kuchokoa pweza. Kazi hiyo ina siku zake. Maji yakiwa ya bamvua, bahari inarudi nyuma mbali kabisa, mwamba unabaki wazi, na wanawake wanashuka na vyuma vyao na makapu. Bamvua ikipita, kila mtu na shamba lake.

Gesi ilipopatikana kule baharini, mji ukajaa magari meupe na mikutano. Leo mkutano wa ramani, kesho wa mazingira, keshokutwa wa kuelezwa kilichosemwa jana. Kila mkutano ukataka ulimi, na ulimi ukawa wa Bi Zubeida. Anasimama katikati, leso imekazwa kiunoni, mgeni anasema huku, yeye anamimina kule. Mgeni akirefusha, anamkata: "Pumua, senhor, na mimi nina kifua kimoja." Watu wanacheka. Alipenda watu wacheke. Zaidi alipenda ule ukimya kabla hajafungua kinywa, macho yote kwake, kama watu wanaosubiri kupakuliwa.

Wanawake wa pweza walipofanya chama ili wauzie jiko la kambi ya gesi, jina alilitoa yeye: Bamvua. Likapendwa papo hapo. Alilitamka kama mtu anayemwita mwanawe, na kwa kuwa Mungu hakumjaalia kuzaa, hakuna aliyemtania.

Ila kambi ilikuwa na masharti. Jiko lao halikununua kwa mtu anayepiga hodi getini na kapu kichwani. Liliagiza kwa barua za mtandao, na muuzaji lazima awe na anwani yenye jina lake mwenyewe. Ndipo akaja Laura kutoka Pemba, msichana wa shirika moja la kusaidia vyama, kompyuta mgongoni, viatu mkononi kwa ajili ya mchanga. Wakaketi wote barazani kwa Bi Zubeida, Laura akisema Kireno, Bi Zubeida akifasiri.

"Jina la mtandao lina ukoo kama mtu," Bi Zubeida akaanza kumfasiri. "Bamvua atakuwa mtoto wa Moçambique. Na Moçambique, pamoja na majina ya nchi zote, yanatoka kwenye kitu kimoja kilicho juu kabisa. Kinaitwa mzizi."

"Mzizi uko juu?" akadakia Saquina, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala njaa. "Ya kwetu iko chini."

"Wa kwao uko juu. Sikiliza."

"Na ameushika mganga gani?"

Baraza zima likacheka. Kwa watu wa pale, mzizi ukitajwa namna hiyo ni wa kuchemsha na kunywa asubuhi. Laura akauliza wanacheka nini, akaelezwa, akacheka na yeye, halafu akaendelea. Mzizi huo, alisema, ni orodha ya majina makubwa ya juu. Nakala zake zimetawanywa duniani kote, mashine moja ikifa nyingine inajibu. Lakini idhini ya kuibadili orodha yenyewe ilikuwa bado mkononi mwa serikali moja, ya Marekani, na nchi nyingine zinanung'unika, zinasema kitu cha wote hakiwezi kulala nyumbani kwa mmoja.

"Wana haki," akasema Bi Atija, mkubwa wao, aliyekuwa amefumba macho wakadhani amesinzia. "Hata mimi ningenung'unika."

"Lakini hata hao wenye mzizi walijiogopa wenyewe," Laura akasema. "Mzizi una muhuri, muhuri una funguo, na funguo hawakumpa mtu mmoja. Walichagua watu wa nchi mbalimbali. Muhuri ukitaka kuguswa, kadhaa kati yao wanasafiri, wanakutana chumba kimoja, na wengine wanawaangalia. Mmoja peke yake hafungui kitu. Na nyinyi fanyeni vivyo hivyo. Jina lenu liandikwe kwa watu watatu, na wote watatu waijue senha, lile neno la siri. Mmoja akiugua, akisafiri, akikosana na wenzake, jina halipotei."

Bi Zubeida alifasiri mzizi, akafasiri muhuri, akafasiri na wale wasafiri wa chumba kimoja, hata akawaigiza wanavyotazamana kwa mashaka, kila mmoja kabana mkoba wake kwapani. Wanawake wakavunjika mbavu. Akafika kwenye watatu. Hapo akasita.

Karibu na nguzo alikuwa ameketi Felismina. Huyu ni Mmakonde wa Diaca, huko bara, Mkristo, aliyekuja Palma kumfuata mumewe aliyepata kazi ya ujenzi kambini. Hakujua bahari alipokuja. Mwanzoni aliogopa pweza kuliko nyoka. Sasa kapu lake lilijaa kabla ya yao, na alikuwa na tabia ya kumpunguzia mwenye kapu jepesi bila kusema neno. Walimpenda. Bi Zubeida alijua, kama anavyojua kiganja chake, kwamba akisema watatu, wa kwanza kutajwa atakuwa yeye na wa pili atakuwa Felismina. Jina alilolizaa yeye, lishikwe na mtu wa bara aliyekuja juzi!

Akalimeza neno.

"Anasema," akawaambia, "tuchague mtu mmoja mwaminifu, jina liwe chini yake. Wakiwa wengi, neno la siri litazagaa mjini kama habari ya fumanizi."

"Mmoja? Si ni wewe?" Saquina akasema. "Nani mwingine hapa anajua hata pa kubonyeza?"

Wakapiga makofi. Laura akatabasamu, akauliza kama wamekubali watatu. Bi Zubeida akamjibu kwa Kireno kisafi kuliko siku zote: wamekubali, ila wawili watachaguliwa baadaye, kwa sasa aandike jina lake. Uongo wa lugha mbili, na hakuna aliyekuwa na masikio ya kuusikia pande zote mbili. Ndivyo alivyojiaminisha.

Mwanzo mambo yalikwenda. Barua za kambi ziliingia kwenye simu yake, naye alizitangaza uwanjani pa kuanikia kama mtu anayesoma hutuba. Jiko linataka pweza mbichi. Jiko linataka na kamba. Wanawake walimzunguka, naye alikuwa na njia ya kuishika simu kifuani, kioo kimegeukia ndani.

Kisha bamvua moja, akiwa amechutama mwambani anapambana na pweza aliyeng'ang'ania pango lake, simu ilimchomoka kwenye leso ikaingia majini. Aliitoa. Aliianika juani, akaizika kwenye mchele, akaisomea na Ayatul Kursi. Haikuamka. Neno la siri lilikuwa humo, kwa sababu alilitunga gumu ili mtu asiliotee, likawa gumu hata kwake. Na ujumbe wa kumwezesha kuweka neno jipya ulikuwa unakwenda kwenye laini ile ile iliyokufa.

Angesema siku hiyo, ingekuwa habari ya simu tu. Lakini ukisema simu imekufa, mtu atauliza: na wenzako wenye senha? Laura ndiye atakayeuliza. Basi akanunua simu nyingine ndogo, akaishika kifuani vilevile.

"Barua?" wakamuuliza.

"Bado."

Bamvua nyingine. "Barua za kambi, Bi Zubeida?"

"Bado. Wazungu wako likizo."

"Likizo gani hiyo isiyokuwa na Krismasi?" Saquina akasema, wakacheka, na yeye akacheka nao, kicheko kikavu kama pweza waliokuwa wakirundikana stoo bila mnunuzi. Alianza kupita njia ya nyuma kwenda sokoni. Akiwa anaosha vyombo, akisikia kandambili nje, mikono inasimama majini mpaka mtu apite. Mwanamke aliyezoea kungojewa kinywa chake akawa anaomba asiulizwe.

Siku gari la kambi liliposhuka lenyewe ufukweni, wanawake walikuwa ndio kwanza wanapanda kutoka mwambani, sketi zimelowa, makapu yanadondoka. Alishuka mwanamume mnene wa Maputo, akajitambulisha kwa Kireno: Bernardino, mnunuzi wa jikoni, anawatafuta watu wa Bamvua. Bi Zubeida alikuwa nyuma, mguu umekatwa na gome la chaza, anachechemea. Alifungua mdomo ajibu kwa mbali, akachelewa.

"Bom dia, senhor," mtu akasema mbele yake. "Bamvua ni sisi."

Alikuwa Felismina. Na hakikuwa Kireno cha salamu. Kilikuwa Kireno cha shule ya misheni, kila neno limevaa na kufunga vifungo. Bernardino akamwaga malalamiko yake: wamewaandikia tena na tena, hawajibiwi, sasa barua zenyewe zinarudi, jina linaonekana kama limekufa. Jiko limeanza kununua kwingine. Yeye anapenda pweza wao, ndiyo maana amekuja, lakini mwisho wa mwezi mkataba unapewa mwingine kama anwani haijibu. Felismina akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akawageukia wenzake.

"Anasema pweza wetu wamewapenda," akawafasiria kwa Kiswahili chake cha Kimakonde. "Mtandao una matatizo. Turekebishe kabla ya mwisho wa mwezi, ama sivyo watanunua kwingine."

Basi. Hakusema waliandikiwa tena na tena. Hakusema jina limekufa.

Bi Zubeida alisimama pale, chumvi inamchoma jeraha, asiusikie mguu. Kumbe siku ile barazani, pale kwenye nguzo, palikuwa na masikio mawili yanayosikia pande zote. Alimsikia Laura akisema watatu. Akamsikia yeye akisema mmoja. Miezi yote hii amekuwa akimpa salamu, akimpunguzia kapu, anajua. Soni ilimpanda kutoka nyayoni kama homa.

Alimfuata njiani, wengine walipotangulia.

"Tangu lini unajua Kireno?"

"Tangu mdogo. Masista walitufundisha."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Sijaulizwa, Bi Zubeida. Hapa mlishakuwa na msemaji."

"Siku ile ulisikia."

Felismina akatua kapu. "Nilisikia."

"Ukanyamaza!"

"Ningefanyaje? Niko barazani kwako, nimekula wali wako, nikuvue nguo mbele ya watu? Kwetu wanasema nyinyi wa pwani ndio mnaojua kusitiriana. Nikafikiri ndivyo inavyokuwa. Nikafikiri labda una sababu, utasema mwenyewe."

Hakuwa anamsuta. Hilo ndilo lililomuua Bi Zubeida. Angesutwa angejibu, matusi anayo ya lugha tatu.

"Na leo je? Mbona umenificha tena?"

"Leo nimekosea," Felismina akasema. "Nimewaficha wenzangu jambo lao. Sitarudia. Yule dada wa Pemba akija, ufasiri wewe. Mimi nitakaa kimya. Lakini wakiniuliza, sitadanganya."

Bi Zubeida akampigia Laura simu. Laura akaulizia huko kwa watunza majina, akarudi na jibu: jina halijachukuliwa na mtu, limezuiwa tu kwa kuwa hakuna aliyeitikia barua za kulihuisha. Litarudi, ila mwenye jina ajitokeze mwenyewe na kikao kiwataje wenzake. Yeye Laura atakuja.

Akaja. Baraza lile lile, wanawake wale wale. Felismina safari hii aliketi mwisho kabisa, karibu na ngazi, anamenya muhogo. Laura akafungua kompyuta, akaitazama kitambo, uso wake ukabadilika. Akasema kwa Kireno, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea hesabu ya mwenzake:

"Dona Zubeida, sielewi. Mimi nilisema watatu. Nilieleza na kwa nini, ukaniambia wawili watachaguliwa baadaye. Waulize kina mama, nani aliamua awe mmoja?"

Halafu akanyamaza, akisubiri. Na wanawake wakanyamaza, wakisubiri. Ukimya ule ule aliokuwa akiupenda.

Njia zilikuwa nyingi na zote alizijua. Angeweza kusema: anauliza kama mna afya. Angeweza kusema: anasema mtandao wa Pemba mbovu. Laura asingejua. Felismina alikuwa anamenya muhogo wake, hakuinua hata jicho, na hilo lilikuwa zito kuliko kutazamwa. Bi Zubeida aliiona midomo ya Saquina ikiwa tayari kucheka, ikingojea mzaha kama kawaida. Akatamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Palma ni mchanga, haipasuki.

"Anasema," akaanza, sauti ikamtoka ndogo. Akaanza upya. "Anasema siku ile alisema watatu. Jina letu lishikwe na watu watatu, kama ule mzizi. Anauliza nani aliamua awe mmoja."

Midomo ya Saquina ikabaki wazi.

"Ni mimi," Bi Zubeida akasema. "Hilo hakulisema yeye. Hilo nasema mimi. Nilisikia watatu nikawaambia mmoja, na yeye nikamdanganya kwamba wawili watafuata. Simu iliingia baharini zamani. Barua ziliandikwa, hazikukosekana. Mimi ndiye niliyekosekana."

Hakuna aliyepiga kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Mtu mmoja akasema "Yallah," polepole, basi.

"Pweza wote wale," Saquina akasema hatimaye, bila mzaha hata chembe. "Nimewaanika, nimewaanua, nimewafukuzia paka. Nakuuliza barua, unaniambia Wazungu likizo. Na mimi nikacheka, shoga yangu. Nikacheka!"

Hapo ndipo Bi Atija akafumbua macho.

"Zubeida mwanangu. Na kule kwenye mikutano ya gesi, tulipoambiwa mambo ya ardhi na makaburi ya wazee, tukaitikia. Kule nako ulitufasiria yote?"

"Yote, mama. Wallahi, neno kwa neno."

Na ilikuwa kweli. Kwenye ile mikutano hakuwahi kuongeza wala kupunguza, alifasiri hadi koo likakauka, kwa kuwa mambo yale yalimtisha hata yeye. Lakini kiapo chake kilianguka katikati ya mkeka, hakuna aliyekiokota. Walitazamana. Kila mmoja alikuwa anarudi nyuma kichwani mwake, mkutano hata mkutano, anajiuliza aliitikia nini.

"Haya," Bi Atija akasema, kwa sauti anayoambiwa mtoto anayesema hajala sukari.

Wakachagua watatu. Felismina, Saquina, na Bi Atija mwenyewe, aliyesema neno la siri lake litakuwa jina la mchumba aliyemkataa, maana hilo hajalisahau mpaka leo. Wakacheka kidogo. Bi Zubeida akamfasiria Laura na hilo pia, mpaka jina la mchumba, halafu akashika kalamu akatia saini ya kuliachia jina. Herufi zikatoka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Jina likarudi, jiko likaandika, Bernardino akatuma gari. Stoo ikapumua.

"Na ulimi nao?" Saquina akauliza siku wanapakia. "Mzizi wa dunia una watu chungu nzima, jina lina watu watatu, ulimi tu ndio wa mtu mmoja?" Alisema kwa utani, lakini wote waliinua vichwa kusikia atajibiwa nini.

"Kweli," Bi Zubeida akajibu. Akamwomba Felismina asimame naye mkutano ujao.

Mkutano uliofuata wa gesi ulikuwa uwanjani mbele ya ofisi ya wilaya. Alisimama katikati, leso kiunoni, na Felismina kando yake, mikono nyuma kama yuko shuleni. Mgeni wa kofia ngumu akasema ya kwake. Bi Zubeida akafasiri, neno kwa neno, hakupamba, hakuigiza mtu. Alipomaliza, hakuna aliyeitikia. Macho ya uwanja mzima yalimpita, yakaenda kutua kwa Felismina.

Felismina akaona haya kwa niaba yake, akainamisha uso. Halafu akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndivyo alivyosema.

Ndipo watu wakaguna, kuonyesha wamesikia. Bi Zubeida akamgeukia mgeni, akamwambia aendelee.